King Majuto na Kazi Ambayo Hatukuiita Kazi

Mtu aliyewahi kukaa Kyela wakati wa masika anajua kwamba mvua ya huko ikianza kupiga bati, mazungumzo hukoma. Ziwa liko karibu, milima ya Livingstone imesimama upande wa mashariki kama ukuta, na mawingu yakikwama hapo hushusha yote yaliyobeba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu niliyerudi nyumbani likizo, niliingia katika kibanda kimoja cha video karibu na soko ili nijikinge na mvua ya namna hiyo. Ndani walikuwamo vijana wanaobeba magunia ya mpunga na kakao, pamoja na kinamama wachache waliokuwa wakisubiri gari la Ipinda. Televisheni ilikuwa ndogo, jenereta ilikuwa ikinguruma nje. Mvua ilipozidi, sauti ya mkanda ilizama kabisa. Hakuna aliyesikia neno, na bado watu walikuwa wanacheka.

Kwenye kioo alikuwapo mzee mmoja mwembamba akimtazama kijana aliyekuja nyumbani kwake na shida fulani. Alianza kumtazama kutoka kwenye viatu, akapanda polepole hadi usoni, kisha akarudi kwenye viatu. Akageuza shingo kana kwamba anamtafuta shahidi. Hapo kibanda kizima kikaangua kicheko. Mama mmoja aliyekuwa jirani yangu alijifunika uso kwa kanga, akasema kwa Kinyakyusa maneno ambayo kwa Kiswahili ningeyafasiri hivi: huyu ni shemeji yangu kabisa.

Mzee yule alikuwa Amri Athumani, ambaye taifa lilimjua kwa jina la King Majuto. Hakuwa Mnyakyusa, wala hakuwa na nasaba yoyote na mwambao huu wa Nyasa. Alizaliwa Tanga tarehe 1 Agosti 1948. Alianza kupanda jukwaani mwaka 1958, angali mtoto wa shule ya msingi, na alifariki dunia katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018, wiki moja baada ya kutimiza miaka 70. Kati ya tarehe hizo kuna miaka 60 ya kazi. Nimelitumia neno kazi kwa makusudi, na sehemu kubwa ya makala haya ni kulitetea neno hilo.

Kilichonisukuma kuandika ni mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili, kijana wa Kyela, aliyenijia akiwa amevunjika moyo. Alikuwa amependekeza kuandika tasnifu juu ya Majuto. Mhadhiri aliyepitia pendekezo lake alimjibu kwamba mada hiyo ni burudani, si historia, na kwamba hata kama ingekuwa historia, ushahidi wake uko wapi? Sitamtaja mhadhiri huyo wala idara yake, maana swali lake la pili ni la haki. Ushahidi uko wapi? Nilimwambia kijana kwamba tukilifuata swali hilo hadi mwisho, huenda tukagundua kwamba kukosekana kwa ushahidi ndiyo historia yenyewe.

Tuanzie Tanga. Mwaka 1958 ni mwaka ambao TANU ilikutana Tabora kuamua kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu, na wanahistoria tumeuandika mwaka huo kwa jicho la siasa pekee. Lakini Tanga ya wakati huo ilikuwa mji wa mkonge, bandari na reli, mji wenye vibarua kutoka kila pembe ya nchi, na mahali ambapo vibarua wengi hukaa pamoja sanaa hukua bila kusubiri ruhusa. Ni Tanga ya Shaaban Robert aliyekuwa angali hai. Ni Tanga iliyokuwa ikielekea kutoa taarabu ya Black Star. Na kabla ya hapo ilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo ya beni, ile ngoma ya gwaride iliyoanzia pwani ya Kenya miaka ya 1890, ambapo vijana walijigawa katika makundi yenye sare na vyeo, wakamwiga afisa wa Kizungu katika mwendo, amri na majivuno yake.

Beni haikubaki pwani. Ilisafiri na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ikafika huku kwetu. Mganda unaochezwa kando ya Ziwa Nyasa, upande wa Manda, Liuli na Mbamba Bay, na malipenga ya ndugu zetu wa Malawi ng'ambo ya Mto Songwe, ni watoto wa mkondo huo huo. Kwa hiyo kibanda cha video cha Kyela hakikuwa kinakutana na sanaa ya Tanga kwa mara ya kwanza. Babu wa wale vijana walikuwa wamekwisha kujifunza, kwa kutumia kaptura nyeupe na filimbi, kwamba mtu mwenye mamlaka anaweza kuigwa, na akiigwa vizuri hupungua kimo. (Miongoni mwa vyeo vya beni kulikuwa na cheo cha King. Sidai kwamba Majuto alikitoa jina lake huko. Nasema tu kwamba jina hilo, kwa mtu wa Tanga, halikuwa geni.)

Sanaa aliyoingia mtoto Amri iliitwa vichekesho. Ni michezo mifupi isiyoandikwa. Waigizaji hukubaliana kisa, mwanzo na mwisho wake, kisha kila mmoja huyatafuta maneno yake mbele ya watazamaji. Wataalamu wetu wa sanaa za maonyesho wameeleza kwamba asili yake ina doa: katika shule za kikoloni michezo ya namna hiyo ilitumika kumcheka Mwafrika "asiyestaarabika", yule anayefika mjini asijue kutumia uma, anayeogopa gari, anayeongea Kiingereza cha kuokoteza. Baada ya uhuru mhusika huyo hakutoweka. Alibadilishwa nguo akawa mshamba, mtu wa bara, mwenye lafudhi nzito. Sisi wa Kyela tunamfahamu vizuri, kwa sababu mara nyingi mtu huyo tulikuwa sisi. Nilipofika Dar es Salaam kwa masomo nilichekwa kwa namna ninavyotamka maneno kabla sijachekwa kwa jambo lolote nililolisema.

Ndiyo maana ninaona kwamba alichofanya Majuto, bila tamko wala ilani, kilikuwa ni kugeuza mwelekeo wa kicheko. Mhusika wake wa kawaida alikuwa baba au babu: mchoyo, mjanja, mpenda wasichana wadogo kuliko binti zake, mwoga akibanwa, mkali kwa aliye chini yake. Alikuwa mtu mwenye mamlaka ndogo, anayeitetea kwa nguvu zote. Na kila mtaa wa Tanzania, kila kitongoji cha Matema na Ipyana, una mzee wa namna hiyo mwenye ufunguo wa kitu fulani: kiwanja, binti, muhuri, urithi. Mtazamaji wa Kyela hakualikwa tena ajicheke yeye mwenyewe. Alialikwa amcheke yule anayemnyanyasa, na kwa hisani ya mwigizaji, amhurumie kidogo pia. Sidhani kama yule mama mwenye kanga alikuwa anakosea aliposema kwamba ni shemeji yake.

Katika lugha ya wenzetu wa tamthilia kuna mgawanyo wa kazi. Yuko shujaa wa mchezo, ambaye uso wake hupamba bango. Na yuko mwigizaji wa mhusika, ambaye hakuumbwa kuwa shujaa wala mpenzi, bali huja na tabia moja aliyoichonga miaka mingi, akaingia katika hadithi ya mtu mwingine na kuibeba mgongoni. Nchi nyingine zimekuwa na waigizaji wa aina hiyo waliofanya kazi nusu karne, wakazeeka wakicheza wachungaji, wauza duka na majaji. Majuto alikuwa wa kundi hilo, ila kwa tofauti moja: huku kwetu mwigizaji wa mhusika hakupewa mchezo wa kuingia. Ilimbidi autengeneze mwenyewe, jioni ile ile, mbele ya watu waliokwisha lipa.

Dola ilikuwa wapi? Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 1962 ya kuzindua Jamhuri, aliunda wizara ya utamaduni na kuuita utamaduni roho ya taifa. Likaundwa kundi la taifa la ngoma. Vijana wakapelekwa China kujifunza sarakasi. Baadaye likaja kundi la taifa la maigizo. Wasanii hao walilipwa mshahara kama watumishi wengine wa serikali. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzisha fani ya sanaa za maonyesho mwaka 1967, na miaka miwili baadaye Ebrahim Hussein akachapisha Kinjeketile. Makundi ya taifa yalipovunjwa, mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikachukua nafasi yao. Huu ni mlolongo wa heshima, na sisi wa vyuo vikuu tunaufundisha kwa fahari. Lakini msomaji atazame vizuri: vichekesho havimo. Vilionekana ni upuuzi wa mtaani, havina maandishi, havina ujumbe wa ujenzi wa taifa, na wakati mwingine vina matusi. Hukumu hiyo ilitoka kwa watu kama mimi.

Kwa hiyo vichekesho viliishi kwenye soko kabla nchi haijakubali kwamba ina soko. Kufikia miaka ya 1980, vikundi binafsi vya Dar es Salaam kama Muungano, chini ya Norbert Chenga, vilikuwa vikitoa onyesho moja refu mwishoni mwa wiki katika ua wa baa: ngoma, sarakasi, kwaya, muziki, na katikati yake kichekesho. Mwaka 1992, siasa ya vyama vingi ilipoanza, Kapteni John Komba, mwana wa mwambao wetu wa Nyasa upande wa Mbinga, aliunda Tanzania One Theatre, na ushindani wa vikundi ukawa mkali. Fedha zilitoka mlangoni, kwa kiingilio. Mjomba wangu alisafiri zaidi ya kilomita 100 hadi Mbeya mjini kuona kundi moja lililokuwa ziarani, akarudi Kyela akituigizia kwa wiki nzima, kila mara akiongeza jambo lake. Tulichokipata watoto wa Kyela katika miaka hiyo kilikuwa mwangwi: onyesho lililopita katika mwili wa mtu mmoja na kutufikia kwa mkono wa pili.

Maana televisheni haikuwapo. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Bara, serikali iliiona televisheni kuwa ni anasa ambayo nchi maskini haiwezi kuibeba, na hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Redio ilitosha kuunganisha taifa, na Redio Tanzania ilitupa Pwagu na Pwaguzi tuliocheka nao bila kuwaona nyuso. Vituo vya kwanza vya televisheni Bara vilianza mwaka 1994, na ile ya taifa ikaanza kurusha matangazo yake mwanzoni mwa karne hii.

Msomaji afanye hesabu ndogo hapa. Majuto alianza mwaka 1958. Televisheni ilipofika Bara alikuwa na miaka 46 ya umri na miaka 36 ya kazi. Miaka 36 kati ya 60, yaani zaidi ya nusu ya maisha yake ya sanaa, ilipita mbele ya watazamaji waliolipa, wakacheka, wakaenda nyumbani. Mwandishi akiishi miaka 36 bila kuchapisha, hubaki na madaftari. Mwimbaji hubaki na wimbo, na mtu mwingine anaweza kuuimba. Mchekeshaji wa mdomo, anayeibua maneno hapo hapo, habaki na kitu isipokuwa mwili wake uliokwisha kujua nini hufanya kazi. Yule mzee tuliyemwona Kyela akipandisha macho kutoka kwenye viatu hadi usoni alikuwa na miongo minne ya majaribio nyuma ya mtazamo ule. Sisi tuliona sekunde tano.

Tulinganishe na Kenya. Huko televisheni ilianza mapema, na Benson Wanjau, aliyejulikana kote Afrika Mashariki kama Mzee Ojwang', aliweza kuitumia kwa miaka mingi katika Vitimbi. Alikuwa Mkikuyu aliyecheza mzee wa Kijaluo kwa lafudhi iliyowafanya watu wengi wasijue asili yake, jambo ambalo katika siasa za Kenya si dogo hata kidogo. Ojwang' alikuwa na studio, kipindi cha kila wiki na chombo cha umma kilichomrusha hewani. Hata hivyo uzee wake haukuwa tofauti sana na wa Majuto. Wananchi walilazimika kumchangia fedha za kutibu macho yake, na alipofariki Julai 2015 magazeti yaliandika yale yale tuliyokuja kuyasoma hapa miaka mitatu baadaye. Kwa hiyo kuwapo kwa televisheni peke yake si jibu. Lazima tuulize mwigizaji aliingia ndani ya televisheni hiyo kwa masharti gani.

Mikanda ya video ilipoingia sokoni, kisha diski, Majuto alikuwa tayari mzee, na uzee wenyewe ukawa mtaji. Filamu za vijana zilihitaji baba wa kumzuia binti, na baba alikuwa yeye. Alionekana katika filamu nyingi kiasi kwamba majina yake yanachanganyika, zikirekodiwa kwa siku chache, zikiuzwa Kariakoo, zikifika Kyela kwa basi ndani ya katoni moja na vipuri vya baiskeli. Kutoka hapa zilivuka Kasumulu kuingia Malawi. Utaratibu wa malipo ulioenea katika biashara hiyo unajulikana kwa kila aliyeifuatilia: mwigizaji hulipwa mara moja, siku ya kurekodi au baada yake, na haki zote huuzwa kwa jumla kwa msambazaji. Filamu ikiuza nakala elfu moja au laki moja, mfuko wa mwigizaji haujui. Ikirudiwa kwenye televisheni ya basi la Mbeya kila siku kwa miaka kumi, haujui pia.

Je, hilo ni jambo la asili, kama mvua? Hapana, na hapa wanaharakati wanaosoma ukurasa huu wanivumilie nizame kidogo katika sheria. Waigizaji wa Uingereza waliunda chama chao, Equity, mwaka 1930, na mwigizaji wa kawaida wa televisheni ya huko hulipwa tena kipindi chake kinaporudiwa. Waigizaji wa filamu wa Marekani waligoma mwaka 1960, wakiongozwa na Ronald Reagan kabla hajawa mwanasiasa wa kuwachukia wagomaji, na mgomo huo ukawapatia malipo ya marudio pamoja na mfuko wa pensheni na afya. Mwaka uliofuata Mkataba wa Roma wa 1961 ulitambua haki za watumbuizaji kimataifa, lakini ukaweka kifungu kilichowaumiza waigizaji: mtumbuizaji akikubali mara moja kurekodiwa katika filamu, ulinzi aliopewa na mkataba huo unakoma hapo. Mwanamuziki alibaki na kitu. Mwigizaji hakubaki nacho.

Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, na COSOTA ikaanzishwa kuisimamia. Ni sheria nzuri kuliko watu wanavyodhani. Lakini hakimiliki humpenda mtu mwenye maandishi. Yule aliyeandika mswada ni mtunzi. Yule aliyelipia kamera ni mtayarishaji. Sasa katika kichekesho kisicho na mswada, ambapo mzee wa miaka 60 anaambiwa "wewe ni baba, binti yako amepata mimba, endelea", na yeye akaibua hapo hapo mazungumzo yote ya dakika kumi, mtunzi ni nani? Kwa ukweli wa mambo, ni yeye. Kwa karatasi, ni mtumbuizaji aliyelipwa. Ujuzi wenyewe uliomfanya Majuto kuwa Majuto, yaani kutohitaji maandishi, ndio uliomnyima nafasi ya kudai.

Pengo la Roma lilikuja kuzibwa na Mkataba wa Beijing wa mwaka 2012, unaowapa waigizaji haki katika kazi za picha na sauti. Ulianza kutumika tarehe 28 Aprili 2020. Majuto alikuwa kaburini miezi ishirini.

Mwaka 2018 ndipo taifa liliposhtuka. Majuto aliugua, akalazwa Dar es Salaam, akapelekwa India kwa matibabu, akarudi. Michango ilikusanywa. Serikali ilisaidia, na ni haki kusema hivyo. Katikati ya ugonjwa huo likaibuka suala la mikataba yake ya matangazo ya biashara, maana uso wake ulikuwa ukiuza bidhaa za watu huku mwenyewe akihitaji kuchangiwa. Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo wakati huo alikuwa Dkt. Harrison Mwakyembe, mbunge wetu wa Kyela tangu 2005 hadi 2020, mwanasheria aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mtu ambaye nchi ilimfahamu kwa kuongoza kamati teule ya Bunge iliyochunguza mkataba wa Richmond. Alitangaza kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Nakumbuka kwamba hapa Kyela habari hiyo ilipokelewa kwa namna mbili. Wako waliosema, mtu wetu anajua kusoma mikataba. Na wako waliouliza kama mkataba wa mgonjwa unasomwa hospitalini, wa mzima ulisomwa na nani?

Mimi nilikuwa na bado niko katika kundi la pili, ingawa simlaumu waziri aliyefanya alichoweza na ugonjwa ukiwa umekwisha fika mlangoni. Kamati ni dawa ya tukio. Kilichohitajika ni kitu cha kuchosha zaidi: kiwango cha chini cha malipo, mkataba wa mfano kwa Kiswahili, chama chenye nguvu ya kugoma, na michango ya hifadhi ya jamii inayokatwa kila siku ya kurekodi kama inavyokatwa kwenye mshahara wangu. Watumishi wa serikali wanaonisoma wanalijua hili kuliko mimi. Katibu muhtasi aliyepiga chapa barua kwa miaka 30 hapewi pensheni kwa sababu alikuwa na kipaji. Anapewa kwa sababu tulikubaliana kwamba alikuwa kazini.

Nimesikia pingamizi mara nyingi, na mwanafunzi wangu alilisikia tena alipokuwa akitetea pendekezo lake: msanii alisaini mwenyewe, ni mtu mzima, na wengine hutapanya wanachopata. Sitaki kuukwepa ugumu wa hoja hii. Ni kweli alisaini. Lakini mkulima wa kakao wa Ipinda naye huuza mwenyewe, kwa hiari yake, mbele ya mzani aliouona. Na bado tulikuja kukubaliana kwamba kuna haja ya ushirika na mnada, kwa sababu hiari ya mtu mmoja mbele ya mnunuzi mmoja ni hiari nyembamba. Kwa mkulima tunalielewa hilo bila mhadhara. Kwa mwigizaji tunasema alijitakia. Tofauti iko wapi, kama si kwamba gunia la kakao tunaliona na kuligusa, na kicheko hatukioni?

Kuhusu jina lake, naona watu wengi walilitumia vibaya siku za msiba, kila mwandishi akikimbilia ile methali ya mjukuu. Sijui kama kulikuwa na haja. Mtu aliyefanya kazi miaka 60, akailea familia, akazikwa Tanga kwa umati, hana lazima ya kuwa na majuto. Methali ile, kama inamfaa mtu, inatufaa sisi tuliokuwa tukicheka.

Mwanafunzi aliruhusiwa hatimaye kuendelea, baada ya kubadili kichwa cha tasnifu ili kiwe na neno "ajira". Sasa anazunguka Tanga, Dar es Salaam na huku kwetu akihoji wazee waliowahi kuwa watazamaji, kwa kuwa wao ndio nyaraka zilizobaki za ile miaka 36. Njia yake ni rahisi. Hawaulizi wanakumbuka nini, anawaomba waigize. Ameniambia kwamba mzee mmoja wa Ipyana, asiyeweza tena kutembea bila fimbo, alisimama akamwonyesha jinsi mchekeshaji fulani alivyokuwa akiingia jukwaani, bega moja mbele, na alipomaliza alibaki amesimama muda, akitabasamu, kana kwamba anasubiri makofi.

Juzi nilikwenda mwenyewe sokoni Kyela kutafuta filamu za Majuto. Kibanda cha video hakipo. Pana duka la simu. Kijana mmoja mwenye meza ya chaja na vifuniko vya simu alinisalimu kwa heshima, akainama chini ya meza akatoa boksi la diski zilizojaa vumbi la mpunga. Nilichagua nne, majalada yamepauka lakini uso ule bado unatambulika. Nikamuuliza bei.

"Chukua tu, mwalimu," alisema. "Hizo hazina mtu. Ila una mashine ya kuzichezea?"

Nilimlipa hata hivyo. Mashine bado natafuta.